Saa Sita ya Baba Mkwe

Mama yangu alikuwa akisema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, mimi nilizaliwa nikiuliza. Hakusema kwa kunisifu. Niliuliza kwa nini kuku hakojoi, kwa nini padre husali ametupa mgongo, kwa nini maneno ya misa hayafanani na maneno ya watu. Shuleni Tosamaganga masista walinijibu walipoweza, na walipochoka walinipa ufagio nikafagie, maana mkono ukishughulika mdomo hutulia kidogo. Kuuliza si ujinga, nilijitetea nyumbani. Mama akakubali kwamba si ujinga, ila akasema kutanikosesha mume.

Mume sikumkosa. Alikuwa dereva wa lori, Mnyakyusa mcheshi aliyekuwa akipita Iringa na magunia ya mchele wa Chimala. Siku moja alisimama kwetu kuomba maji ya kuongeza kwenye rejeta. Nilimuuliza habari za injini mpaka injini yenyewe ikapoa, naye alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipokata shauri. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, katikati ya miaka ya hamsini. Sherehe ilipokwisha akanipakia kwenye lori pamoja na sanduku langu la bati, tukaishika barabara ya Mbeya.

Tulilala njiani. Asubuhi tukapita Nyololo kwenye baridi ya kung'ata, nikanywa chai nimejifunika khanga mbili. Mchana tukaingia Chimala, na huko jua lilikuwa limesimama utosini na mji mzima umelala. Wauza mchele walikuwa wamejinyoosha juu ya magunia yao, mbwa chini ya mikokoteni, hata mwenye hoteli kalala juu ya benchi la wateja. Nikamuuliza mume wangu kama watu hawa wamelogwa.

"Saa sita hiyo," akasema. "Ngoja saa tisa uone watakavyokupigia kelele."

Kwao mume wangu kulikuwa milimani, kusini ya mji wa Mbeya, kwenye njia ya kwenda Tukuyu. Huko hakuna anayelala mchana, kwa sababu hakuna joto la kumlaza. Kuna migomba, kahawa, mianzi na mvua. Mvua ya kule haina adabu: haipigi hodi, na ikiingia haiagi. Mume wangu alinikabidhi kwa mama yake, akakaa siku chache, akarudi barabarani. Alikuwa akija mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine hata hiyo mara moja ilikosekana.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya pili, na pamoja na jembe nikapewa mwiko. Mama mkwe alinikalisha jikoni akanieleza kwa Kiswahili, maana Kinyakyusa sikukijua. Katika ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawazoeani, la, hawaonani kabisa. Akija kwenye njia, unaiacha njia. Akiwa uani, unazunguka kwenye migomba umejifunika khanga kichwani. Sauti yako asiisikie ikimsemesha, wala yake usiijibu, na jina lake usilitamke hata kwenye sala.

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka mmoja wenu afe," akasema, akimenya ndizi. "Au yeye mwenyewe azeeke kabisa. Mzee kabisa anaweza kumwita mkamwana, akampa kitu mkononi, basi, mwiko imekwisha. Lakini huyu wangu?" Akacheka. "Huyu anabeba mkungu mmoja bega hili na mwingine bega hili. Utangoja, mwanangu."

Sasa mimi ni Mhehe. Kwetu Iringa mkwe aliheshimiwa, lakini alionekana. Aliamkiwa kamwene, akaitika, akaulizwa habari za ng'ombe. Kwa hiyo nilipoona mtu mzima anageuza mgongo kila nikitokea, na kila asubuhi nasikia kikohozi cha kunionya nisitoke, sikuona heshima. Niliona chuki. Nilijiambia kwamba mzee yule hakutaka mwanawe aoe mtu wa Iringa, na mwiko ni kisingizio chake. Mtu akigeuziwa mgongo miezi mitatu, minne, moyo wake nao unageuka. Nilikata shauri kimya kimya: kahawa ikishavunwa, mume wangu akija na lori, nitapanda hadi Iringa, nishuke kwetu na nisipande tena. Sanduku la bati sikulifungua lote. Nilitoa nguo mbili tatu za kuvaa, nyingine zikabaki zimekunjwa kama nilivyotoka nazo.

Kitu kimoja kilinifaa. Kengele ya misheni ng'ambo ya bonde ilipolia saa sita mchana, baba mkwe aliingia nyumbani kwake, akafunga mlango, akalala mpaka karibu saa nane. Nilisikia kitanda kikilia chini yake. Muda huo ndio nilikuwa mtu huru: nikavuka ua nikitazama mbele, nikageuza maharage juani kama jua lipo, nikapita kwenye njia kuu kama wenye njia. Niliipenda saa sita. Ila nilishangaa, maana majirani wote walikuwa mashambani saa hiyo, na yeye mwenye mabega ya kubeba mikungu miwili amejilaza. Nikamwona mvivu. Sikuwahi kumwona uso, lakini nilikwisha kumhukumu.

Kwenye misheni ile kulikuwa na zahanati ndogo, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane, nilikubaliwa kwenda kusaidia asubuhi, kuosha vidonda na kukunja bandeji. Mwenye zahanati alikuwa sista Mhispania, mnene, mwenye mashavu mekundu, aliyejifunza Kiswahili upesi upesi na kukisema hivyo hivyo. Saa aliisoma kwa mshale.

"Sasa saa kumi na mbili," akasema siku moja, na jua li utosini.

"Sista, kumi na mbili bado sana. Hii ni saa sita."

Akanionyesha mshale. Nikamwonyesha jua. Nikamweleza kwamba siku yetu huanza asubuhi, kukicha, kama siku ya mtu mwenye akili. Saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga, na sita ndiyo nusu ya mchana. Kuanza kuhesabu siku usiku wa manane, watu wamelala, nani anashuhudia? Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, iwe sita, iwe kumi na mbili," akasema akivuta mlango. "Kwetu hii inaitwa siesta. Wewe nenda, mimi nalala."

Nikabaki barazani. "Sista! Siesta ndiyo nini?"

"Kulala mchana, baada ya kula," akajibu kutoka ndani.

"Na kwa nini inaitwa siesta?"

Nikasikia viatu vikivuliwa, kisha: "Inaitwa siesta kwa sababu ni siesta."

Sikumlaumu. Hata mimi mtu angeniuliza kwa nini ugali unaitwa ugali ningemjibu vivyo hivyo na kumpa sahani. Lakini neno lilinikwama. Niliteremka bondeni nikilitafuna, nikavuka daraja la mianzi nikilitafuna. Sita. Siesta. Wanalala saa sita, nao wanakuita kulala huko siesta. Kesho yake sikungoja hata salamu ziishe.

"Sista, lile neno mlilitoa kwetu."

Akasema haiwezekani, wazee wake hawajafika hapa. Lakini alikuwa mtu wa haki, akafikiri zaidi. Akaniambia kwamba zamani Waarabu walitawala nchi yake kwa karne nyingi, wakaacha maneno mengi. Sukari kwao ni azúcar. Nami nilikuwa nimesikia shuleni kwamba sita yetu ilikuja kwa Waarabu, pamoja na saba na tisa. Basi! Waarabu walitupa sisi sita, wakawapa wao siesta. Tulifurahi, sista na mimi, kama watu waliompata kuku aliyepotea, na mgonjwa aliyengoja bandeji akafurahi nasi bila kujua ni kwa nini.

Jioni nilimsimulia mama mkwe tukimenya ndizi. Sikusema kwa sauti ya chini, maana habari ilikuwa kubwa. Nyuma ya ukuta wa mianzi nikasikia kikohozi. Hakikuwa kile cha asubuhi cha kunionya. Hiki kilikuwa cha mtu aliyepaliwa.

Asubuhi mama mkwe akanijia na ndoo kichwani.

"Baba yako anasema si kweli."

"Baba yangu yupi?"

"Wa humu. Anasema hiyo neno si ya Waarabu. Ni ya Kilatini. Amesema nikuambie: sexta. Haya, nipishe, maji yanamwagika."

Nilimfuata mpaka jikoni na nusu ya maji ikamwagika kweli, kwa maswali. Ndipo alipokaa akanieleza jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuniambia. Baba mkwe alikuwa amesoma seminari. Alipelekwa kijana mdogo, akakaa miaka mingi, akajua Kilatini cha kuandika na kusema, mpaka siku kaka yake mkubwa alipofariki na mji ukakosa mwanamume. Ukoo ukamwita. Akarudi, akashika jembe, akaoa, hakulalamika. Vitabu alivirudisha. Kitu kimoja tu hakukirudisha: kule baada ya chakula cha mchana wanafunzi waliingia kulala, kimya, na yeye mpaka leo kengele ikilia analala. Wanawe walipokuwa wadogo walimcheka na Kilatini chake, akanyamaza.

"Hakuna mtu amemuuliza habari hiyo tangu anioe," mama mkwe akasema. "Jana usiku amenisemesha mpaka nikasinzia."

Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Mvivu wangu hakuwa akilala kwa uvivu. Alikuwa analala usingizi wa seminari. Na katika milima ile yote, mtu mmoja tu aliyeweza kunijibu swali langu alikuwa yule mmoja nisiyeruhusiwa kumwuliza.

Basi mama mkwe akawa njia yetu. Mimi nikisema jikoni, yeye akipeleka. Yeye akirudi na maji, na maji yana jibu. Kichwa chake hakikupoteza neno hata moja. Alikuwa amekariri misa nzima bila kusoma, Kilatini hakikumtisha. Alileta kwamba Warumi wa kale walihesabu saa kama sisi, kuanzia jua kuchomoza, na mapadre wamezihifadhi saa hizo katika sala zao: prima, saa ya kwanza, tertia, ya tatu, sexta, ya sita, nona, ya tisa. Ndiyo maana Ijumaa Kuu tunakumbuka giza la saa sita hadi saa tisa, na saa hizo zinakwenda sawa na zetu bila mtu kuzigeuza. Nilikuwa nikipiga magoti Ijumaa Kuu tangu utotoni, nisijiulize. Mimi, mwenye maswali!

Nikarudisha swali: na sita ya Waarabu je, mbona inafanana?

"Anasema Waarabu wana yao na Warumi wana yao," mama mkwe akaleta. "Majirani wawili wana majembe yanafanana, si lazima mmoja ameiba. Na anasema punguza chumvi."

"Chumvi?"

"Ya mboga. Ameonja. Chumvi imezidi. Hiyo ya chumvi nimeongeza mimi."

Lakini mimi si mtu wa kuridhika na nusu. Sexta ni sexta, nikasema. Siesta ni siesta. Ile i imetoka wapi? Herufi haioti kama uyoga. Mama mkwe akaweka ndoo chini kwa nguvu.

"Mimi nimeolewa humu, sikuajiriwa posta," akasema. Lakini alipeleka.

Jibu halikuja. Siku zikapita. Asubuhi nikasikia kikohozi, mchana kengele, kitanda, kimya. Nikaogopa kwamba nimemkosea adabu, au hajui, na kumwonyesha mtu mzima kwamba hajui ni kosa baya kuliko kumwangalia usoni. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijafikiria Iringa tangu maneno yale yaanze. Kahawa ilikuwa inaiva mitini na mimi nilikuwa nikingojea ndoo ya maji.

Kisha ikaja. "Anasema umuulize sista wako maneno matatu. Ardhi, kwao wanaitaje. Saba, wanaitaje. Sikukuu, wanaitaje. Yeye ametoa yake ya Kilatini." Akafumba macho akayatoa moja moja, kama mtu anayehesabu mayai. "Terra. Septem. Festa. Sasa sista atoe yake."

Nilielewa kwamba mzee anatega wavu, ila sikujua wa kumnasa mnyama gani. Kesho yake mvua ilikuwa imefunga milima yote, huoni hata mkono wako. Nilikunja bandeji nikimngoja sista amalize mgonjwa wa mwisho, nikamtolea maneno. Akayajibu akinawa mikono, hajui kwamba anabeba dunia: tierra, siete, fiesta.

Nikaondoka nayo. Kwenye mteremko nikaanza kuyapanga mawili mawili. Terra, tierra. Septem, siete. Festa, fiesta. Nikasimama katikati ya daraja la mianzi, mto unanguruma chini yangu, mvua inanipiga. Kila mahali ile e ya kwanza ya Warumi iliposimama, Wahispania wameitangulizia i. Si neno moja limeota uyoga. Ni desturi yao! Ulimi wao ndio unavyotembea, kama ulimi wa Mnyakyusa na wangu usivyotembea sawa kwenye Kiswahili hiki hiki. Sexta, siesta. Neno la saa ya sita limegeuka kuwa jina la kulala, kama vile sisi tungeita kulala kwenyewe "sita". Mzee alikuwa amejua njia, akaniacha nifike kwa miguu yangu.

Kengele ikalia, saa sita. Nikashukuru, kwa kuwa maana yake ua ni wangu. Nikapanda kilima mbio, khanga imedondokea mabegani, tope mpaka magotini, nikakata kona ya migomba nikiita, "Mama! Mama! Tierra! Siete! Fie—"

Mvua ile ilikuwa imeangusha migomba juu ya banda la ndama, na baba mkwe hakulala. Alikuwa amesimama katikati ya ua, panga mkononi, uso kwa uso nami. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: neno la kwanza nililowahi kumwambia baba mkwe wangu lilikuwa la Kihispania.

Nikajitupa chini kwenye tope na kuivuta khanga kichwani. Nilisikia panga likianguka, kisha miguu yake ikiondoka polepole kupita nyuma ya nyumba. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mikono kichwani.

Habari haikukaa. Jirani mmoja alikuwa akipita, na kufikia jioni mdogo wake baba mkwe alikuwa amekwisha kuja. Baba mdogo huyu ndiye aliyesimamia mila za ukoo, mtu mwembamba mwenye sauti nene, na alizungumza barazani ili mimi nisikie ndani. Akaanza kwa Kinyakyusa, akamalizia kwa Kiswahili kwa ajili yangu.

"Mwacha mila ni mtumwa. Huyu hajafundwa. Tuchinje kuku, tuoshe jambo, na yeye arudishwe kwao Iringa wakamfundishe. Akijua adabu, atarudi. Asipojua, basi."

Ajabu ya moyo wa mtu! Nilichokitamani miezi yote hiyo, kurudi kwetu, sasa nilikuwa ninapewa bure, na nauli juu, nami nilikaa kitandani nikilia kama mtoto aliyenyang'anywa titi. Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimepata nyumba ambayo ndani yake swali linaheshimiwa, linapelekwa kwa ndoo na kurudishwa na ndoo, na nilikuwa nimeivunja kwa mdomo wangu huu huu. Nikazirudisha zile nguo mbili tatu kwenye sanduku, nikafunga komeo. Nilijua lori litakuja mwisho wa wiki.

Siku zilizofuata hakuna neno lililobebwa. Mama mkwe aliingia na kutoka, akaweka chakula, akaondoka. Nilipomtazama kwa kumwuliza, akatikisa kichwa. Posta ilikuwa imefungwa. Hata kikohozi cha asubuhi kilikoma, na sikuwahi kufikiri kwamba ningekitamani kikohozi.

Kisha siku moja mvua ikakatika na jua likatoka. Kengele ikalia. Nikategea sikio kitanda kilie, hakikulia. Badala yake mama mkwe akaingia kwangu ameshika khanga mpya.

"Vaa hii. Baba yako anakuita."

"Ananiita vipi, mama?"

"Anakuita. Amezeeka."

"Amezeeka lini?"

"Leo asubuhi," akasema, na mdomo ukamcheza, lakini macho yake yalikuwa na machozi.

Akanieleza akinifunga khanga. Baba mkwe alimwita mdogo wake alfajiri. Akamwambia kwamba magoti yamechoka, macho yameingia ukungu, na mzee anahitaji binti wa kumletea maji. Baba mdogo akamtazama kutoka juu hadi chini, na mkungu wa ndizi uko begani. "Kaka, wewe ni mzee?" akamwuliza. "Mzee sana," akajibu, na mkungu hakuushusha.

Msicheke tu. Katika ukoo ule kujitangaza mzee hakukuwa mzaha. Aliyezeeka namna hiyo hakai tena mbele kwenye baraza la wanaume. Shauri linakatwa, yeye anaambiwa baadaye. Ng'ombe wake wanaanza kuwa wa wanawe. Mtu hujikokota mbali na siku hiyo mpaka mauti yamshike mguu, na yeye, mwenye nguvu zake, alikuwa ameiendea mapema.

Nilivuka ua nikiangalia chini. Niliona vidole vyangu vya miguu, kisha mavi ya ndama, kisha miguu ya kigoda na miguu miwili mipana yenye nyufa za tope. Mkono ukanyooshwa. Ulikuwa na madoa ya kahawa mpaka kwenye kiganja, nao ulishika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa mtamba mwekundu anayetafuna. Nikapokea kamba kwa mikono miwili.

"Tazama sasa," mama mkwe akanong'ona nyuma yangu.

Nikainua macho. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimejijengea jitu. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mvi chache sana, na masikio ya mume wangu kabisa kabisa. Alikuwa na aibu. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba na yeye alikuwa na aibu. Akakohoa kile kikohozi chake, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, cha shule:

"Haya, mwanangu. Sasa uliza mwenyewe."

Nilikuwa na maswali ya kujaza gunia. Ile x ya sexta ilipotelea wapi njiani? Mvua na jua Warumi waliitaje? Seminari kulikuwaje, na alilia alipoondoka? Yote yakanitoka kichwani. Nilisimama na kamba mkononi, machozi yananishuka mbele ya mtu ambaye juzi nisingeweza kumwonyesha hata kisigino. Mwisho nikapata moja tu, la kijinga.

"Baba, leo hamlali?"

Akatazama juu, jua lilipokuwa limesimama, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Nimelala vya kutosha," akasema. "Keti."

Jioni mama mkwe aliingia kwangu, akafungua komeo la sanduku, akazimwaga nguo zangu zote kitandani. Sanduku akaenda nalo kuwekea mahindi ya mbegu, bila kuniuliza.